ECNL RL au NPL, ipi ina ushindani zaidi kwa wavulana?

Umeuliza kijana wako aende timu ya ECNL RL (Regional League, ligi ya kanda iliyo chini ya ECNL, yaani Elite Clubs National League) au ya NPL (National Premier Leagues), zote ligi za soka la vijana Marekani. Kwa wavulana Marekani, juu kabisa ni MLS NEXT iliyoanza 2020 baada ya ile Development Academy, ligi ya vijana ya shirikisho la soka la Marekani, kufungwa, pamoja na ECNL yenyewe ambayo upande wa wavulana ilianza 2017, hapo hakuna ubishi mkubwa. Chini yake ndo pana utata, maana RL na NPL zote zinachezwa kikanda na kanda hazilingani hata kidogo, kuna sehemu RL imejaa timu za pili za klabu za ECNL na kwingine NPL ndo imebeba klabu ngumu zote, kwaiyo jina la ligi peke yake halikwambii kitu. Mi ningeangalia matokeo ya msimu uliopita, mechi zikiisha 7-0 kila wiki hamna ushindani hapo, zikiwa nyingi 2-1 na 1-1 ndo pazuri. Alafu jamani dakika za kucheza! Mtoto wa benchi hakui hata ligi iwe kubwa vipi, muulize kocha kabla hujalipa ada.