Swichi "Iliyofunguliwa" Inapitisha Nini?

Mwanafunzi wa uhandisi wa Mbeya anaandika kwa Kiswahili muhtasari wa usanifu wa swichi ndogo mno za kimakenika, zile zinazoziwezesha sakiti za maikrowevu, yaani mawimbi mafupi ya redio, kupangika upya. Anauliza: swichi "imefunguliwa" mawimbi yanapopita, au yanapozuiwa?

Asiandike hivyo kabisa. "Fungua" ni kauli ya kutendua ya "funga", na hapo hapana ubishi. Ubishi anauleta mfasiri anayekutana na neno la Kiingereza lenye maana ya "wazi", akalibandika "fungua", akaenda zake kulala. Mkulima wa mpunga kule Usangu akimwambia mwanawe "kafungulie maji", anataka maji yaingie jarubani. Mama wa Iringa akisema "fungulia redio", anataka kusikia taarifa ya habari. Kwetu kinachofunguliwa hupitisha. Kumbe sakiti "iliyofunguliwa" ya wataalamu ni ile iliyokatika, isiyopitisha kitu! Kwa mantiki hiyo yule mtoto angeuziba mfereji, mpunga ukakauka, na baba yake akatafuta fimbo.

Katika swichi hizi balaa huwa maradufu. Ndani yake mna utepe wa metali, mara nyingi dhahabu, ulioning'inia mikromita chache tu juu ya njia ya mawimbi. Umeme, mara nyingi wa makumi ya volti, huuvuta chini, na utepe ukishashuka takriban theluthi ya mwanya ulio chini yake hauzuiliki tena, huanguka mzimamzima. Katika swichi ya mfululizo, utepe ukishuka huiunga njia na mawimbi hupita. Katika swichi ya sambamba, ukishuka huyapeleka mawimbi ardhini yakapotea, na ni ukiwa juu ndipo yanapopita. Sasa hapo ipi "imefunguliwa"?

Aandike kwamba utepe umeinuka au umeshuka, kisha aseme swichi inapitisha au inazuia. Kuhusu kuziita sakiti hizo "zinazopangika upya", nampa alama zote. "Swichi" nayo, ingawa tumeichukua kwa Waingereza, ibaki. Wanaoshabikia "kiwashio" watuambie kwanza mawimbi huwashwa kwa kiberiti gani.

Juzi fundi mmoja wa Mwanjelwa, akiwa juu ya ngazi dukani kwa jirani yangu, hakumwambia msaidizi wake afungue wala afunge swichi. Alisema "kata", akasubiri taa izimike, ndipo akashika waya.