Mama wa Tanga, makorongo ya Utah na basi la watu hamsini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Columbus, Ohio. Mama yangu ana miaka 68, ana presha, na goti linamsumbua. Anakuja kutoka Tanga mwezi wa Julai. Kaona picha za Grand Canyon kwenye simu, basi, hataki kusikia habari ya Niagara wala New York. Mimi kuendesha gari milimani siwezi. Kuna kampuni inatangaza ziara ya kundi kutoka Las Vegas: hifadhi za taifa sita kwa siku tano, basi la watu hamsini, bei nafuu. Nilipe? Na sala zake itakuwaje njiani?
Binti wa Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenda na kundi, nenda. Kundi hilo, hapana.

Chukua ratiba yao, kando ya kila siku andika saa za kukaa kwenye kiti. Las Vegas hadi Zion, hifadhi iliyoko Utah, ni kama kilomita 260, hapo hakuna neno. Zion hadi Bryce Canyon, saa mbili hivi. Ukitoka Bryce kwenda mji wa Moab, ziliko hifadhi za Arches na Canyonlands, unakata zaidi ya kilomita 400, na kutoka Moab hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon ni zaidi ya 500. Bado hujarudi Las Vegas, kilomita 450 nyingine. Mimi kiti cha mbele cha magari hayo ndiyo ofisi yangu, na ninawaona watu wazima wanavyoteremka wameshika mlango kwa mikono miwili, wapige picha, wahimizwe kupanda tena. Tafuta gari dogo la watu kumi na wawili au kumi na wanne, hifadhi tatu tu: Zion, Bryce na Grand Canyon.

La pili, Julai. Usijidanganye kwamba mtu wa Tanga keshazoea joto. La kwetu lina unyevu, jasho unaliona. Kule jasho linakauka kabla hujalihisi, midomo inapasuka, na mtu anasema hana kiu huku maji yanamwishia mwilini. Chini ya korongo la Zion kufika nyuzi 38 mwezi huo si ajabu. Tena Julai hadi katikati ya Septemba ndio msimu wa mvua za radi. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa Antelope Canyon, karibu na mji wa Page. Mvua ilinyesha mbali, wao maji yaliwafuata ndani ya ufa wa mwamba. Antelope si hifadhi ya taifa, ni ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na bila mwongozaji wao huingii. Kama tiketi ya mama inabadilika, mlete mwisho wa Septemba au Oktoba. Kama haibadiliki, matembezi yaishe kabla ya saa nne asubuhi.

Zion ndiko goti lake litakakopumua. Sehemu kubwa ya mwaka magari binafsi hayaruhusiwi kupanda korongoni, mnapanda mabasi ya hifadhi, bure. Shukeni kituo cha mwisho, mfuate Riverside Walk, njia iliyosakafiwa kando ya mto Virgin River, kama kilomita tatu na nusu kwenda na kurudi. Si lazima aimalize. Hapo jangwani kabisa utaona maji yanachuruzika ukutani, na majani mabichi yananing'inia kwenye mwamba mkavu. Angels Landing, njia ya kupanda mwamba yenye minyororo ya kushikilia na kibali kinachotolewa kwa bahati nasibu, waachie vijana.

Bryce iko juu, ukingo wake unapita mita 2,400, na asubuhi za Oktoba maji huganda. Huko kuganda na kuyeyuka ndiko kunakochonga minara myekundu ya mawe iliyojaa huko. Sweta kwanza, kanga juu yake. Atembee ukingoni kati ya Sunset Point na Sunrise Point, njia nzuri, si ndefu. Asishawishiwe kushuka: kushuka kunamdanganya mtu, mlima wenyewe ni wakati wa kurudi. Kwa ajili ya presha amwone daktari wake kabla ya safari, hasa kama anatumia dawa za kutoa maji mwilini, na vidonge vikae kwenye mkoba, si kwenye sanduku lililo tumboni mwa gari.

Grand Canyon, soma tangazo kwa jicho kali. Ziara nyingi za Las Vegas zinaposema Grand Canyon zinakusudia Grand Canyon West, kwenye njia ya kioo iliyotokeza juu ya korongo. Hiyo ni ardhi ya Wahualapai, kabila jingine la wenyeji, nje ya hifadhi ya taifa, na hadi ukingo wa kusini ni kama saa nne kwa gari. Picha alizoona mama nyingi ni za ukingo wa kusini. Pale kuna njia iitwayo Trail of Time, kila mita moja ni miaka milioni. Mwambie miaka yake 68 hapo ni unene wa unywele, atacheka.

Hela sasa. Tangu 1 Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na zaidi analipa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika hifadhi 11, na hizi tatu zimo. Pasi ya mwaka ya wageni ni dola 250. Waulize kwa maandishi kama fedha ya mama imo kwenye bei, na kama pasi inakubalika kwenye ziara yao. Wewe mkazi beba kitambulisho. Bahashishi ya mwongozaji nayo kwa kawaida haimo.

Sala: kundi dogo linasimama, basi la hamsini lina ratiba ya watu hamsini. Angalieni saa tu. Ukivuka kutoka Nevada kuingia Utah unaongeza saa moja, na Arizona, iliko Grand Canyon, haibadilishi saa majira ya joto, kwa hiyo simu inarukaruka mpakani. Chakula cha halali kwenye miji midogo ile usikitegemee, nunueni Las Vegas mbebe.

Ukipata ratiba mpya nitumie kabla hujalipa, nikuonyeshe pa kukata.