Kwa mnaoanza kufuatilia ndege: jueni kwanza kurudi nyuma

Naona mmejitokeza wengi mnaotaka kujifunza kuhesabu ndege na kufuatilia viota, na karibu kila mtu swali lake la kwanza ni anunue darubini gani. Ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) inatosha kabisa, hizo za kukuza mara 12 mkono ukitetemeka kidogo tu ndege humwoni. Ila kilichonichukua miaka mingi kujifunza sio vifaa wala majina ya ndege, ni kujua saa ngapi nimeshasogea karibu mno.

Siku moja, bado mgeni kwenye hii kazi, natembea kando ya maji kwenye changarawe, kitwitwi mmoja, ndege mdogo wa kando ya maji, akatokea mbele yangu anaburuza bawa kama limevunjika, analia, anajikokota kidogo anaanguka, anajikokota tena. Huruma ikanishika nikamfuata nimsaidie, kila nikimkaribia anasogea, tukaenda hivyo mpaka mbali kabisa afu ghafla akaruka mzima, bawa halina hata mkwaruzo! Kumbe alikuwa ananitoa kwenye kiota. Nikarudi nikaanza kuangalia chini taratibu, nikayaona mayai matatu yana madoa, rangi ileile ya changarawe, hatua mbili tu kutoka kwenye alama ya kiatu changu. Nilitetemeka.

Na hata kule kurudi kuyatafuta kulikuwa kosa, hilo nilikuja kulielewa baadaye. Muda wote ulioko pale mama hawezi kurudi kuatamia, jua likiwa kali mayai yanaungua, kukiwa na baridi yanapoa, halafu kunguru yuko juu ya mti anakuangalia unainamia wapi. Kwa hiyo ukiona ndege anajifanya mgonjwa mbele yako usimfuate, simama, geuka, rudi kwa nyayo zako zilezile.

Sio ndege wote wanaofanya hivyo, wengine dalili zao ni ndogo. Alikuwa anakula akaacha akanyoosha shingo. Analia mlio mmoja mfupi anarudia rudia. Ile inayoniuma zaidi ni ya ndege aliyeshika mdudu mdomoni, kakaa kwenye tawi, hashuki, anakutazama tu, hapo ujue makinda yana njaa na wewe ndo umeziba mlango. Sogea nyuma mpaka ashuke. Akishuka ndo umepata umbali wako wa siku hiyo, na kesho unaweza kuwa tofauti.

Makinda yanayokutwa chini nayo yanawasumbua sana wageni. Ukikuta kinda lina manyoya tayari, linarukaruka, macho makali, liache, wazazi wapo karibu wanalilisha, kubeba nyumbani ni kulinyang'anya wazazi wake. Likiwa uchi na kiota unakiona, lirudishe taratibu uondoke. Yale maneno kwamba ukiligusa mama atalikataa kwa harufu sio kweli, kinachomfukuza mama ni wewe kuendelea kusimama pale.

Kuna hii ya kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili atoke umwone, msimu wa kuzaliana naomba sana msifanye, dume anadhani mpinzani kaingia eneo lake basi anaacha kazi zote anazunguka kumtafuta adui ambaye hayupo. Na picha ya kiota cha bundi au ndege yeyote adimu usiiweke mtandaoni ikiwa na mahali ilipopigwa, wezi wa mayai na makinda nao wana simu.

Daftari sasa. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, umekaa muda gani, umeona wangapi, na kama hujaona kitu andika 0, sifuri nayo ni taarifa. Mwaka 1956 kisiwani Midway kwenye bahari ya Pasifiki, mtafiti wa ndege Chandler Robbins alimvisha pete ya namba mguuni albatrosi mmoja jike, ndege mkubwa wa baharini. Mwaka 2002 akamkamata tena huyohuyo bila kujua, pete zilikuwa zimebadilishwa kila zikichakaa, ni kumbukumbu za namba zilizotunzwa vizuri ndo zilionyesha ni yuleyule, na mwaka 2024 ametaga tena akiwa na umri usiopungua miaka 74! Mtu asingeandika namba vizuri mara moja tu katikati, tusingejua.

Na msiwaruke ndege wa kawaida eti wapo wengi. Njiwa wahamaji wa Amerika Kaskazini walikuwa mabilioni, wakiruka jua linafifia, watu wakawawinda na kukata misitu yao, wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa akiwa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Kwa hiyo shorewanda wa ukutani kwako mhesabu pia.

Wiki ya kwanza chagua sehemu moja tu, nenda muda uleule kila siku, kaa chini, darubini iache shingoni kama dakika 20 hivi usiinyanyue. Mara ya kwanza kutakuwa kimya utadhani hakuna kitu. Subiri. Wakianza kula tena na kuitana kama haupo, hapo ndo fungua daftari uanze kuhesabu.