Jibu kwa mzazi anayehamia Minnesota na wavulana watatu: kuanzia Septemba hadi Mwaka Mpya

Kaka uliyeanzisha uzi huu umeeleza kwamba mnahamia Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota huku Marekani, mwezi wa nane, wewe, mkeo na wavulana watatu walio kati ya miaka sita na kumi na mitatu, na umeuliza mambo mawili: namna ya kuishi na watoto wa kiume ndani ya nyumba ndogo baridi inapoingia, na kama muwaruhusu kushiriki sikukuu za wenyeji zinazofuatana kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wengi waliotangulia kukujibu wamezungumzia makoti. Makoti ni muhimu, nami nitayafikia, lakini mimi ninalea wavulana watatu katika jimbo hilihili, baba yao akiwa dereva wa lori la masafa marefu ambaye huonekana nyumbani mwisho wa juma tu, na ninachoweza kukuambia ni kwamba giza huitikisa nyumba yenye wavulana kuliko baridi.

Kwetu Moshi jua huzama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, kwa hiyo hakuna mzazi anayelazimika kulipangia ratiba. Hapa mambo ni tofauti kabisa. Mnapofika mtakuta jua likizama karibu na saa mbili usiku, na mwanzoni mwa Septemba, shule nyingi zinapofunguliwa baada ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani (Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo, si Mei Mosi), mtoto bado anaweza kula, kumaliza kazi za shule, kisha akacheza mpira hadi achoke. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja, na kuanzia siku hiyo jua huzama karibu na saa kumi na moja jioni. Ikifika katikati ya Desemba huzama saa kumi na nusu. Mtoto anayeshushwa na basi la shule saa kumi amebakiwa na nusu saa ya mwanga, na asipoitumia hiyo, nguvu zote alizozibana darasani atazimalizia kwenye makochi yako, juu ya mdogo wake, na kwenye mlango wa jirani wa chini ambaye hatakawia kulalamika kwa mwenye nyumba.

Kwa sababu hiyo ule utaratibu tuliolelewa nao, wa daftari kwanza na mchezo baadaye, mimi niliugeuza, na ningekushauri uugeuze kabla ya Novemba ili watoto wauzoee. Kwangu begi hubaki mlangoni, mtoto hupewa andazi au ndizi mkononi, na wote watatu hutoka nje hadi taa za barabarani ziwake; kazi za shule hufanywa baada ya hapo, mezani, mimi nikiwa napika. Wanaporudi wana njaa isiyo ya kawaida, hivyo chakula cha usiku kwetu huliwa mapema kuliko wageni wanavyotarajia. Chakula cha shuleni kisikusumbue, maana tangu mwaka wa masomo ulioanza 2023 jimbo hili hulipia kifungua kinywa na chakula cha mchana cha kila mwanafunzi katika shule zinazoshiriki mpango huo, bila kuangalia kipato cha mzazi.

Sasa kuhusu mavazi. Hapa nguo hazitozwi kodi ya mauzo, kwa hiyo ukipita jimbo jingine njiani usishawishike kununua huko kwa kudhani ni nafuu. Maduka ya mitumba yana makoti mazuri mwezi wa tisa, ila likija wimbi la kwanza la baridi ukubwa wa watoto humalizika upesi. Kila mtoto anahitaji koti zito, suruali ya theluji ya kuvaa juu ya suruali ya kawaida, mabuti yasiyopitisha maji, kofia ya sufu inayofunika masikio, na glavu nene za mfuko mmoja, kwa sababu vidole vinavyogusana hutunza joto kuliko vilivyotenganishwa. Usizichukulie suruali za theluji kama anasa: shule za msingi huwatoa watoto nje wakati wa mapumziko hata kukiwa na baridi kali, na asiye nazo mara nyingi huambiwa asimame pembeni kwenye lami wenzake wakigaragara kwenye theluji. Kwa mvulana wa miaka saba hiyo ni adhabu. Andika jina kwenye kila kitu, na nunua glavu jozi kadhaa zinazofanana, kwa sababu zitapotea na kinachopotea kwa kawaida ni moja ya kila jozi. Jambo dogo ambalo halimo kwenye orodha za shule ni ngozi na pua. Nyumba ikianza kupashwa joto hewa ya ndani hukauka, watoto hutokwa damu puani usiku na miguu yao hupauka; mafuta mazito ya kupaka baada ya kuoga, na chombo cha kuongeza unyevunyevu chumbani mwao, vitakupunguzia kazi ya kufua mashuka. Na chanjo ya mafua wapelekeni Septemba au Oktoba, familia nzima.

Baada ya mwanga, kitu cha pili kinachowatuliza wavulana wangu ni kazi yenye kuonekana. Msimu huu una kazi za namna hiyo nyingi. Oktoba majani ya miti hupukutika kwa wingi ambao hamjawahi kuuona, nayo hukusanywa kwa reki na kutiwa kwenye mifuko ya karatasi au ya aina inayooza, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kawaida hairuhusiwi kwa taka za bustani. Wangu wawili wakubwa hukusanya ya kwetu, kisha huenda kwa wazee wa mtaani ambao huwapa chochote. Theluji ikianguka kazi inakuwa ya lazima: Minneapolis humpa mwenye nyumba ya familia moja saa 24 baada ya theluji kukoma awe amesafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake, na mkipanga nyumba ya namna hiyo hakikisheni mkataba unasema ni nani mwenye jukumu. Mkubwa hushika koleo, wa pili hufagia ngazi, mdogo humwaga chumvi, na hao watatu wakiingia ndani wamelowa jasho hakuna anayemgusa mwenzake kwa ugomvi hadi wanalala.

Jikoni pia nawaingiza, kila mmoja na siku yake. Bibi yao alipomwona mjukuu wake wa kwanza kwenye simu ya video akimenya vitunguu aliniuliza kama naumwa. Nilimjibu kwamba mimi ni mzima, ila huku hakuna msichana wa kazi wala shangazi wa kuja kusaidia, na mtoto anayeweza kubeba koleo la theluji anaweza kukoroga ugali. Sidhani kama aliridhika.

Kuna jambo moja ambalo sitalipita haraka, nalo ni maziwa, namaanisha ya maji, si ya kunywa. Jimbo hili lina maziwa zaidi ya 10,000, na Minneapolis yenyewe ina kadhaa ndani ya mji, tena mengine hatua chache kutoka vituo vya basi na viwanja vya michezo. Mwishoni mwa Novemba uso wa maji huanza kuganda, huonekana mgumu na wa kung'aa, na hakuna kitu kinachomvuta mvulana kama kutaka kujua kama patambeba. Idara ya maliasili ya jimbo husema barafu mpya iliyo angavu inapaswa kuwa na unene wa inchi nne, yaani kama sentimita kumi, ndipo mtu atembee juu yake kwa miguu, tena unene hutofautiana ndani ya ziwa hilohilo kwa sababu ya chemchemi na mikondo iliyo chini. Barafu yenye theluji juu huwa dhaifu zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa theluji huifunika isipoe vizuri. Watoto wa hapa hukua wakiyasikia haya kwa wazazi wao. Wetu hawana wa kuwaambia ila sisi, ambao wenyewe hatukuyakuta utotoni. Kwangu sharti ni fupi: hakuna anayekanyaga barafu ya ziwa bila baba yake kuwepo, hata kama amewaona wengine juu yake, na hata kama mpira umeteleza hadi huko. Mpira utanunuliwa mwingine. Wakitaka kuteleza, bustani za mji huwa na viwanja vya barafu vya bure vinavyotengenezwa na kukaguliwa baridi ikishakaa sawasawa, vingi vikiwa na chumba cha kuotea moto.

Nije kwenye sikukuu. Oktoba 31 ni Halloween, usiku ambao watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kuomba pipi nyumba kwa nyumba, na najua baadhi ya wachangiaji hapa wanaiona kuwa ni ushetani. Katika kanisa letu kuna familia ambazo siku hiyo huzima taa ya barazani na kulala mapema, na siwalaumu. Sisi tulikubaliana kwamba watoto wanaweza kwenda kuomba pipi katika mtaa wetu tu, mkubwa akiwashika wadogo, bila mavazi ya mizimu wala maiti: zimamoto, mchezaji mpira, daktari, hayo tu. Sababu yangu kubwa haikuwa pipi. Huo ndio usiku pekee katika mwaka ambao mtaa mzima hufungua milango kwa makusudi, na mgeni aliyehamia mwezi wa nane hupata nafasi ya kusalimiana na majirani kabla ya theluji kumfungia kila mtu kwake hadi Aprili. Mwanamke ambaye leo huwapokea wanangu nikichelewa kazini tulifahamiana kwake mlangoni usiku kama huo. Nunueni vazi kubwa linaloweza kuvaliwa juu ya koti, na muwe tayari kusimuliwa na kila jirani aliyezidi miaka arobaini kuhusu Halloween ya 1991, theluji ilipoanza siku hiyohiyo na kufikia zaidi ya sentimita 70 mjini kabla ya kukoma.

Alhamisi ya nne ya Novemba ni Siku ya Shukrani, nayo haina utata wa imani, kwa hiyo ishereheke bila wasiwasi. Shule hufungwa Alhamisi na Ijumaa. Minnesota huongoza nchi nzima kwa ufugaji wa bata mzinga, na madukani wiki hiyo huuzwa kwa bei ya kutupa, lakini wengi wetu hushindwa na jambo moja: ndege huyo huuzwa akiwa ameganda. Akiyeyushwa ndani ya jokofu, kama inavyopaswa kwa usalama, huhitaji takriban siku nzima kwa kila kilo mbili, hivyo bata wa kilo saba aliyenunuliwa Jumatano hawezi kuliwa Alhamisi. Mtoeni kwenye friza Jumapili. Wanangu hutwanga kitunguu saumu na tangawizi kwenye kinu nilichokuja nacho, tunampaka pamoja na limau na bizari ya pilau, analala nayo usiku kucha, kisha anaokwa hadi nyama ya ndani ifikie nyuzijoto 74 za Selsiasi. Tunakula kwa pilau na kachumbari. Baba yao huwa amerudi, na mchana hukaa nao kutazama mpira wa Kimarekani, kwani timu za Detroit na Dallas hucheza kila Siku ya Shukrani kwa desturi ya miaka mingi. Mimi bado sielewi sheria za mchezo huo, ila nimeona ni nafasi adimu ya watoto kumfundisha baba yao kitu, naye huuliza maswali hata yale ambayo nadhani majibu yake anayajua.

Desemba ndiyo mwezi mgumu, na ugumu wake ni zawadi. Darasani watoto huulizana kila mmoja ameomba nini, na mvulana wa miaka kumi na moja anayejua bei ya mashine ya kuchezea michezo ya video ataileta kwako kama hoja iliyokamilika. Sisi huzungumza mapema, kabla matangazo hayajachacha: zawadi moja kwa kila mtoto, pesa za reki na koleo ni zao, na sehemu ya fedha za familia huenda nyumbani kwa bibi kama kila mwaka. Wanalalamika kidogo kisha wanatulia. Likizo ya shule ni kama wiki mbili, na hapo omba zamu zako kazini mapema sana. Sisi tumeungana na familia nyingine mbili za Kitanzania, kila siku nyumba moja hubeba watoto wote, na siku ya kwangu huwa ni kelele tupu.

Kama wewe ni Mchaga mwenzangu unajua kinachouma Desemba, watu wote wakiwa wamepanda kwenda kuhesabiwa, yaani kurudi Kilimanjaro kukutana na ukoo, nasi hatumo. Nauli za Krismasi kwa watu watano hatuziwezi, hivyo sisi husafiri Juni shule zikifungwa. Baada ya saa kurudishwa nyuma tofauti kati yetu na nyumbani huwa saa tisa, kwa hiyo asubuhi ya Krismasi saa mbili hapa ni saa kumi na moja jioni kule, mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, umeshaliwa na ukoo wote uko uani. Ndipo tunapopiga simu, na wavulana husalimia mmoja mmoja kwa Kiswahili, wakubwa kwanza.

Makoti ya mwaka unaofuata yanunueni Februari, bei zinaposhushwa, yakiwa makubwa kwa namba moja, na mnunue kwa yule wa kwanza tu, kwa kuwa wadogo watarithi ikiwa zipu itakuwa bado nzima.