Kwa nini vichwa vya mbegu za kiume vimetoka bluu iliyokoza

Dada, umeuliza kwa nini baadhi ya vichwa vya mbegu kwenye slaidi zenu huko Lindi vimeshika sana anilini bluu, rangi ya kupimia ukomavu wa mbegu. Rangi hiyo hunasa laisini (aina ya asidi amino), na laisini imejaa kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka. Mbegu inapopevuka korodanini, histoni hupachikwa asetili (kikundi kidogo cha kikemia), zinalegea, nafasi yake inashikwa kwa muda na protini za mpito (TP1 na TP2), kisha protamini, protini za mbegu iliyokomaa, ndizo zinaingia. Protamini ina ajinini (asidi amino nyingine) tele na laisini kidogo, ndiyo maana kichwa kilichokomaa hubaki cheupe. Kwa binadamu histoni hubaki kama asilimia 5 hadi 15, basi bluu hafifu isikutishe. Bluu nzito kichwa kizima ni ubadilishaji wa histoni kwa protamini uliokwama, na DNA ya vichwa hivyo hukatika kirahisi.

Ila kwanza kagua slaidi yenyewe. Ikauke kwa hewa, usiipitishe motoni hata kama unyevu wa pwani unachelewesha. Zikaze seli zake kwa glutaraldehaidi asilimia 3, dakika 30. Rangi ni asilimia 5 ndani ya asidi asetiki asilimia 4, pH 3.5, dakika 5. Pima pH kwa mita. Karatasi ya pH hapa inadanganya, na pH ikipanda rangi haichagui tena. Hesabu mbegu 200, tena vichwa tu.

Na kama ni manii ya fahali, usitafute uwiano wa P1 kwa P2 (aina mbili za protamini): yeye anategemea P1. Uwiano wa karibu 1:1 ni wa binadamu.