Bijan au Gibbs? Fungua kwanza kanuni za pointi

Ndugu, umeuliza umchague nani kwenye ligi yako ya fantasi ya NFL, futiboli ya Marekani (mchezo wa kuchagua wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani): Bijan Robinson wa Atlanta au Jahmyr Gibbs wa Detroit, maana wote wanakimbia na mpira na kudaka pasi. Jibu limo kwenye kanuni zenu za pointi.

Chukua msimu wa 2024. Bijan alikimbia yadi 1,456, akadaka pasi 61 za yadi 431, tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 15. Gibbs: yadi 1,412, pasi 52 za yadi 517, tachidauni 20. Weka tachidauni pembeni. Yadi 10 zikiwa pointi 1, Gibbs anaongoza kwa 4.2. Kila pasi iliyodakwa ikilipwa pointi 1, Bijan anampita kwa 4.8.

Tachidauni 5 za ziada za Gibbs ni pointi 30, tena nyingi mno, ila ndizo ngumu kutabiri. Idadi ya kubeba mpira hutabirika zaidi: Bijan mara 304, Gibbs 250, kwa kuwa Gibbs aligawana kazi na mkimbiaji mwenzake, David Montgomery.

Pasi zikilipwa, chukua Bijan. Zisipolipwa, Gibbs. Na usifunge kikosi kabla ya orodha ya wasiocheza, ambayo hutoka dakika 90 kabla ya mechi.