Muulize Mwalimu: Daftari halina kitu, mtoto karudi ameloa maji

*Shikamoo Mwalimu. Naishi Pasua, Moshi. Binti yangu ana miaka minne na tangu Januari yuko chekechea moja ambayo watoto wanachagua wenyewe cha kufanya. Mtoto wa jirani, ambaye wamepishana wiki chache tu kuzaliwa, yuko shule nyingine. Huyo anahesabu mpaka mia, ana madaftari mawili yamejaa a, e, i, o, u, na kila jioni anakuja na kazi ya nyumbani. Wangu nikimuuliza, "Leo umesoma nini?" anajibu, "Nimemimina maji." Juzi maji, jana maji. Baba yake kakasirika, anasema hatulipi ada mtoto akacheze, kucheza angecheza bure hapa uani. Mimi naogopa usaili wa darasa la kwanza. Tumhamishe? (Mama wa Pasua)*

Marahaba mwanangu. Msimhamishe kwanza. Barua kama yako huwa zinanijia Februari na Machi, ada ya awamu ya kwanza ikishalipwa na mzazi akaanza kutafuta alichonunua. Basi tuanze na hayo maji.

Darasani kwangu kazi ya kumimina inakaa kwenye sinia: majagi mawili madogo, moja lina maji, na kipande cha sponji. Mtoto anatoa sinia kwenye rafu kwa mikono miwili, anapita katikati ya wenzake bila kumwaga, anakaa. Anashika mpini kwa vidole vitatu, mkono wa pili unashikilia jagi kwa chini. Sasa mwangalie usoni. Ulimi umetoka kidogo, macho hayapepesi. Maji yanashuka, jagi la pili linakaribia kujaa, anausimamisha mkono kabla halijafurika. Likifurika hakuna anayemgombeza. Anachukua sponji, anafuta, anakamua, anaanza upya. Wapo wanaorudia hivyo mpaka kengele ya uji.

Vile vidole vitatu ndivyo vitakavyoshika penseli. Kule kukamua sponji kunatia kiganja nguvu. Kifundo cha mkono kina vifupa vinane, na mtoto anapozaliwa vyote bado ni gegedu, yaani kitu laini kama cha sikioni; vinageuka mfupa kimoja kimoja, kwa miaka, na cha mwisho husubiri mpaka mtoto anakaribia kubalehe. Mpe wa miaka mitatu penseli ajaze ukurasa mzima, ataikamata kwa ngumi na kubonyeza mpaka karatasi itoboke. Mwalimu mwenye darasa lililofurika ataishia kumshika mkono amwandikie. Madaftari ninayoletewa na wazazi ili nione "mtoto wa fulani alivyo mbele", mengi ukiyatazama vizuri mwandiko ni wa mwalimu. Mtoto wa miaka minne hanyooshi mstari namna ile.

Njia hii ya mtoto kuchagua kazi, inayoitwa Montessori, haikuanza jana wala haikubuniwa kwa ajili ya watoto wa matajiri. Daktari mmoja wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto mwaka 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini jijini Roma. Wazazi walikuwa wakishinda kazini, watoto wakibaki wanachafua kuta na ngazi za majengo. Aliwapa vifaa vya kushika, akakaa kuwatazama. Aliona kwamba mtoto akichagua kazi inayolingana na umri wake anatulia nayo kwa muda ambao mtu mzima hautegemei. Lakini kuchagua kuna mipaka, na hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Binti yako anachagua kati ya kazi ambazo mwalimu ameziandaa na ameshamwonyesha namna ya kuzifanya. Harushi vitu, hamnyang'anyi mwenzake, na akimaliza anarudisha sinia mahali pake. Kama shuleni kwake hayo hayapo, watoto wanakimbizana tu kutwa na mwalimu yuko kwenye simu, basi baba yake ana haki ya kukasirika, na mimi niko upande wake.

Kuhusu mia ya mtoto wa jirani, usibishane na mama yake, ni jirani yako. Ila siku moja watoto wote wawili wakiwa jikoni kwako, waambie kila mmoja akuletee vijiko vinne. Mtoto anaweza kuimba moja mpaka mia kama wimbo wa kanisani na bado akaleta vijiko saba, au akahesabu kijiko kimoja mara mbili. Kujua kwamba neno moja ni la kitu kimoja, na kwamba neno la mwisho ndilo idadi ya vyote, kunakuja kwa kushika: maharage, visoda, sahani za kuandaa mezani. Kwa hiyo jioni mwache agawe mwenyewe vikombe vya chai, kila mtu na chake.

Kusoma pia usikuogope. Kiswahili kimetusaidia sana: herufi inatamkwa vilevile karibu kila mahali, kwa hiyo mtoto aliyezoea kusikia sauti ndani ya maneno anapokutana na herufi anafungua haraka. Mkiwa kwenye daladala mwulize, "Unaona nini kinachoanza na mmm?" Mti, mama, mfuko, mbuzi. Mchezo huo hauna ada.

Na serikali yenyewe haitaki mtoto wa awali asome kama wa darasa la tatu. Mtaala wa awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania uliotoka 2016 ulitaja kuhusiana, kuwasiliana, afya, mazingira, sanaa na hisabati za mwanzo, na ulitaka darasa liwe na kona za kujifunzia. Kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK, ndizo zilizobebeshwa darasa la kwanza na la pili tangu mtaala wa 2015. Shule binafsi inayomfanyia usaili wa kuandika mtoto ambaye bado anang'oka meno ya utoto inajipunguzia kazi yake yenyewe. Huo ni mtazamo wangu, na walimu wakuu kadhaa hapa mjini wameshaninunia kwa ajili yake. Kama shule mnayoitaka ina usaili huo, mwulizeni mwalimu wa binti yenu mapema; mwaka wa mwisho wa chekechea unatosha kuzoea karatasi.

Baba yake asisomewe jibu hili. Aombe nafasi shuleni, akae pembeni darasani asubuhi moja bila kusema kitu, amtazame binti yake na lile jagi.

*Mwalimu, habari za kazi. Hapa Sakina, Arusha, kuna shule imeandika "Montessori" kwa herufi kubwa getini na ada yake imepanda kuliko za jirani. Nitajuaje kama ni kweli? (Baba wa mmoja)*

Nzuri, kaka. Jina hilo halina mwenyewe, yeyote mwenye rangi na brashi anaweza kuliandika getini. Nenda kama saa tatu asubuhi, watoto wakiwa kazini, usiende siku ya sherehe. Rafu ziwe za kimo cha mtoto. Wa miaka mitatu wawe chumba kimoja na wa mitano. Tafuta mnara wa waridi, vipande kumi vya mbao, kidogo kabisa sentimita moja na kikubwa sentimita kumi, kisha upitishe kidole juu yake. Ukikuta vumbi, ujue ni pambo la wageni. Hesabu watoto pia. Mwongozo wa nchi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Ukikuta darasa zima linaitikia "a!" kwa pamoja kumfuata mwalimu, hiyo ni shule ya kawaida yenye geti zuri. Inaweza kuwa shule nzuri tu, lakini usilipie jina.

*Mwalimu, mimi ni bibi, niko Marangu. Mjukuu wangu ana miaka minne, wazazi wako Dar. Chekechea ya karibu siiwezi. Tunaongea Kichaga, Kiswahili anakipata kanisani. Hatabaki nyuma? (Bibi wa Marangu)*

Salama, dada yangu? Endelea na Kichaga chako, mweleze kila unachofanya na umwache aulize. Mtoto mwenye lugha moja iliyoshiba anaingia kwenye ya pili kwa urahisi. Mpe kazi za kweli: achambue maharage ya njano na mekundu, amenye ndizi za mtori zikishachemshwa, apeleke majani kwa mbuzi na akuambie walikuwa wangapi. Akifikisha miaka mitano mwandikishe darasa la awali kwenye shule ya msingi ya serikali, halina ada. Uandikishaji kwa kawaida huanza mwezi wa kumi na wataulizia cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo waambie hao walioko Dar watume nakala mapema, na kama hakipo uende sasa kwa mtendaji wa kata akuelekeze pa kuanzia.